Safina ya Kentucky na mifupa ya Ishango: kuelewa makumbusho yanayosema dunia iko na miaka 6,000

Huko Marekani, katika jimbo la Kentucky, kuna safina ya mbao yenye urefu wa mita 155. Ukiona picha yake kwa simu bila maelezo, unaweza kufikiri ni safina ya Noa (wengine husema Nuhu) ambayo watu wamechimbua mahali fulani. Hapana. Ni jengo la juzi juzi tu. Lilifunguliwa tarehe 7 Julai 2016 karibu na muji mdogo unaoitwa Williamstown, na jina lake ni Ark Encounter. Haiko juu ya maji na haitaelea siku moja: imesimama juu ya nguzo, na watu wanaingia ndani kwa tikiti. Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, mahali panaitwa Petersburg, iko dada yake mkubwa, Creation Museum, maana yake Makumbusho ya Uumbaji, iliyofunguliwa mwezi wa Mei 2007 kwa gharama ya dola milioni 27.

Zote mbili ni za shirika moja la Kikristo, Answers in Genesis. Kiongozi wake Ken Ham ni mtu wa Australia, alikuwa mwalimu wa sayansi kwao, akahamia Marekani mwaka 1987. Mafundisho yake ni haya: kitabu cha Mwanzo kisomwe kama hesabu kamili ya historia. Siku sita za uumbaji ni siku za saa 24. Ukijumlisha miaka ya mababu tangu Adamu, dunia inafikisha karibu miaka 6,000. Hesabu hiyo ni ya zamani: askofu James Ussher wa Ireland aliifanya katika miaka ya 1650, akapata kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 mbele ya Kristo. Gharika, kwa hesabu hiyo, ilipita kama miaka 4,300 iliyopita.

Wanasayansi wanasema dunia iko na miaka karibu bilioni 4.5. Tofauti hapo si ndogo. Ni kama mtu akuambie kwamba kutoka Goma mpaka Kinshasa ni hatua tatu.

Kwa nini makumbusho, na si darasa?

Mtu wa huku anaweza kujiuliza: kama wanaamini hivyo, si wafundishe tu kanisani na masomoni? Jibu liko katika historia ya tribinali za Marekani.

Mwaka 1925, katika muji wa Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu mmoja kijana, John Scopes, alishitakiwa kwa kosa la kufundisha kwamba mwanadamu ametokea kwa viumbe vya zamani. Jimbo lilikuwa na sheria ya kukataza mafundisho hayo. Alihukumiwa kulipa dola 100, lakini baadaye hukumu ikafutwa kwa kosa la utaratibu. Sheria kama hizo zilibaki miaka mingi, mpaka mwaka 1968 ambapo Tribinali Kuu ya nchi ilisema jimbo halina haki ya kukataza somo la mageuzi ya viumbe kwa sababu ya dini. Basi wenye kupinga wakabadilisha njia. Walisema: kama mageuzi yanafundishwa, na uumbaji ufundishwe kando yake, kama sayansi. Mwaka 1987 Tribinali Kuu ikakataa na hilo pia, kwa sababu kule masomo ya serikali hayaruhusiwi kuhubiri dini moja. Na mwaka 2005, jaji mmoja wa Pennsylvania alifunga dirisha la mwisho: alisema hata ile mafundisho mapya ya "muundo wenye akili" ni uumbaji uliovalishwa nguo nyingine.

Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Lakini hakuna sheria inayokataza mutu kujenga nyumba yake kwa feza yake, kuweka ndani mifupa, sanamu, taa na vibao, na kuiita makumbusho. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitu hiki. Neno "makumbusho" linabeba heshima. Mtoto akiingia kanisani anajua anasikiliza mahubiri. Akiingia makumbusho anafikiri anaonyeshwa yale yaliyothibitishwa.

Ndani kunaonekana nini

Tusidharau. Kazi ni ya mafundi. Mwenye kuchora Creation Museum, Patrick Marsh, alikuwa ametengeneza michezo ya kuogofya katika bustani za filamu za Universal Studios. Karibu na kuingia munaona sanamu za watoto wakicheza, na dinozori wadogo wako pale pale karibu nao, wanatingisha vichwa. Munaona bustani ya Edeni, Adamu na Eva, kisha anguko, kisha gharika. Ni hadithi moja yenye mwanzo na mwisho, na unaitembelea kwa miguu.

Katika safina kuna vyumba vya wanyama kwenye ngazi tatu. Wanyama wa ndani ni sanamu, na dinozori wako kati yao. Waandalizi wanajua swali ambalo kila mtoto anauliza: wanyama wote wa dunia walienea namna gani? Jibu lao ni kwamba Noa hakuingiza kila mnyama tunayemjua leo, aliingiza "aina" tu, kama aina 1,400, na wale wakubwa aliwachukua wakiwa bado wadogo. Mbwa, mbweha na mbwa-mwitu wote wanatoka kwa jozi moja. Kwa familia ya twiga, pale wameweka mnyama wa zamani mwenye shingo fupi.

Hapa sisi watu wa karibu na Ituri lazima tusimame kidogo. Okapi wetu ni ndugu wa karibu wa twiga, wako katika familia moja. Kwa hesabu ya safina, okapi wa pori la Epulu na twiga wa savana wangetoka kwa jozi moja ya juzi, na kutengana kabisa ndani ya miaka 4,300. Kumbe watu wanaokataa mageuzi ya viumbe wanalazimika kukubali mageuzi ya mbio kuliko yote ambayo mwanasayansi yeyote amewahi kusema! Wao wanajibu kwamba hayo ni mabadiliko ndani ya "aina" moja, si kutoka aina moja kwenda nyingine. Lakini mbio inabaki.

Mfupa mmoja, vibao viwili

Mwaka 2014 Creation Museum ilionyesha dinozori wa kweli, mla nyama wa jamii ya Allosaurus, aliyechimbuliwa katika jimbo la Colorado. Walimpa jina Ebenezer. Mfupa si wa uongo, ni fosili halisi, maana yake mfupa uliogeuka jiwe. Kibao chake ndicho chenye shida. Kinasema mnyama huyo alizikwa na gharika, miaka kama 4,300 iliyopita. Makumbusho nyingine zenye mifupa ya jamii hiyo zinaandika miaka kama milioni 150.

Nani anajua? Hapo ndipo lazima tueleze namna umri wa jiwe unavyopimwa, maana bila hiyo tunabaki na maneno ya huyu dhidi ya maneno ya yule.

Katika majivu na lava ya volkano kuna chembe ambazo zinageuka polepole kuwa kitu kingine, kwa mwendo unaojulikana. Potasiamu ya namna fulani inageuka kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa bado moto, gesi inatoka. Ikishapoa na kuwa jiwe, gesi inafungiwa ndani na kuanza kuongezeka. Ukipima gesi iliyofungiwa, unapata muda tangu jiwe lilipopoa. Potasiamu hiyo inahitaji miaka bilioni 1.25 ili nusu yake iishe, kwa hiyo ni saa ya mambo ya zamani sana.

Watu wa upande wa uumbaji wanaleta mfano wao: volkano ya Mount St. Helens huko Marekani. Mwanajiolojia mmoja wao, Steve Austin, alichukua jiwe la volkano hiyo lililopoa katika miaka ya 1980, akalipeleka kupimwa, na jibu likatoka miaka 350,000. Wanasema: munaona, saa yenu ni ya uongo.

Mkaaji wa Goma anaweza kuelewa hili vizuri kuliko mtu wa Kentucky, maana anatembea juu ya lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021. Lava inapopanda inaweza kubeba vipande vya mawe ya zamani ambavyo havikuyeyuka vyote, pamoja na gesi yao. Tena saa ya potasiamu haikutengenezwa kwa kupima miaka kumi. Ni kama kupima kijiko cha chumvi kwenye mizani ya mifuko ya simenti, kisha kusema mizani imeharibika. Kwa vitu vya karibu kuna saa nyingine. Kaboni ya mti, mkaa au mfupa inafika mpaka miaka 50,000 hivi. Na kuna saa ambazo hazihitaji kemia yoyote, unahesabu tu. Katika ziwa Suigetsu la Japani, kila mwaka unaacha tabaka jembamba la udongo, kama kurasa za kitabu, na watu wamehesabu makumi ya maelfu ya kurasa. Barafu ya Antaktika imetoa nguzo yenye kumbukumbu ya miaka 800,000. Njia hizi hazikutoka kwa mtu mmoja wala nchi moja, na mara nyingi zinakutana.

Sasa angalia tofauti ya kazi. Tarehe 4 Februari 2014, Ken Ham alikubali kujadiliana hadharani na Bill Nye, mtu wa televisheni anayejulikana kwa kufundisha watoto sayansi. Mjadala ulifanyika ndani ya Creation Museum yenyewe, na watu wengi mno waliufuata. Mtu mmoja aliwauliza wote wawili: ni kitu gani kingeweza kukubadilisha mawazo? Nye alijibu kwa kifupi: ushahidi. Ham alisema yeye ni Mkristo, na hakuna mtu atakayemshawishi kwamba neno la Mungu si kweli. Hakuficha kitu, na kwa hilo tumheshimu. Hata maandishi ya imani ya shirika lake yanasema wazi kwamba hakuna ushahidi wa fani yoyote unaoweza kukubaliwa kama unapingana na Maandiko. Wafanyakazi wanatia sahihi kwamba wanaamini hivyo.

Basi jibu liko tayari kabla ya jiwe kuchimbuliwa. Hiyo inaweza kuwa imani. Haiwezi kuitwa utafiti.

Nyayo za Texas na mnyama wa Likouala

Kentucky si ya kwanza. Katika muji wa Glen Rose, jimbo la Texas, kuna makumbusho ndogo ambayo mhubiri Carl Baugh alianzisha mwaka 1984. Iko karibu na mto Paluxy, ambapo kweli kuna nyayo nyingi za dinozori kwenye jiwe. Baugh na wengine walisema kando yake kuna nyayo za watu, kwa hiyo mtu na dinozori waliishi pamoja. Historia ya nyayo hizo inachekesha kidogo. Wakati wa njaa ya feza ya miaka ya 1930, watu wa kijiji walikuwa wanachonga nyayo za "majitu" kwenye mawe na kuziuzia wageni. Zile nyingine ambazo hazikuchongwa, katika miaka ya 1980 zilichunguzwa vizuri, ikaonekana ni za dinozori waliokanyaga kwa kisigino, na alama za vidole zilijazwa na matope. Wengi wa upande wa uumbaji wenyewe waliacha hoja hiyo, na hata Answers in Genesis wanashauri watu wasiitumie.

Na sisi majirani wa Kongo-Brazzaville tumeingizwa katika mambo haya bila kuombwa. Katika misitu ya Likouala, karibu na ziwa Télé, kuna masimulizi ya mnyama mkubwa wa maji, Mokele-mbembe. Wazungu mbalimbali wamekwenda kumtafuta, na kati yao kuna wanaoamini uumbaji, kama William Gibbons, aliyeanza safari zake mwaka 1985. Tumaini la watu kama hao ni kwamba dinozori mzima akipatikana, mageuzi ya viumbe yataanguka. Hakuna aliyemleta. Lakini hata angepatikana, hoja isingesimama: mwaka 1938 wavuvi wa Afrika Kusini walivua samaki anayeitwa silakanti, ambaye jamii yake ilidhaniwa imekwisha pamoja na dinozori, na umri wa dunia haukupungua hata siku moja.

Jina la Ota Benga

Kuna sehemu moja ambapo waandishi wa uumbaji wanagusa kidonda cha kweli, na kidonda hicho ni chetu. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Verner alimnunua upande wa Kasai kijana wa jamii za watu wa pori, Ota Benga, ili aonyeshwe katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Mwezi wa Septemba 1906, bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilimweka katika nyumba ya nyani, watu wakija kwa maelfu kumtazama. Waliomtetea walikuwa wachungaji weusi wa kanisa la Baptisti. Mmoja wao, James Gordon, alisema watu wake wamekwisha kuteswa vya kutosha bila kuonyeshwa pamoja na nyani, na alipinga pia kwamba maonyesho hayo yalitaka kuhubiri mafundisho ya Darwin. Ota Benga alijiua kwa risasi mwezi wa Machi 1916, huko Lynchburg, Virginia. Shirika la bustani hiyo liliomba msamaha mwaka 2020 tu.

Waandishi wa uumbaji wanaitumia hadithi hii kuonyesha kwamba mageuzi ya viumbe yanazaa ubaguzi. Ni kweli kwamba wenye sayansi wa wakati ule walisema mambo ya aibu juu ya mtu mweusi. Lakini biashara ya watumwa ilikuwa na karne nyingi kabla Darwin hajazaliwa, na wengi wa wenye kuifanya walibeba Biblia. Leo uchunguzi wa damu na vinasaba unasema watu wote ni jamii moja, na kwamba mizizi yetu iko Afrika. Creation Museum nayo inafundisha kwamba watu wote ni damu moja. Katika hilo wanapatana.

Feza na kodi

Safina iligharimu kama dola milioni 100 kwa sehemu ya kwanza. Muji wa Williamstown ulitoa hati za deni za dola milioni 62 ili kusaidia ujenzi, zilipwe kwa mapato ya baadaye ya safina. Jimbo la Kentucky lilikuwa limeahidi kurudisha sehemu ya kodi, mpaka dola milioni 18, kama linavyofanya kwa mahali pa utalii. Mwaka 2014 likakataa, kwa sababu safina inaajiri watu wa imani moja tu. Shirika likashitaki, na mwezi wa Januari 2016 jaji akalipa haki.

Halafu mwaka 2017 muji ulitaka senti 50 kwa kila tikiti, kwa ajili ya zimamoto na polisi. Kampuni ya safina ikauzia uwanja wake, wenye thamani ya dola milioni 48, kwa shirika lao lingine lisilolipa kodi. Bei: dola 10. Jimbo liliposimamisha ile faida ya kodi, uwanja ukarudishwa haraka, kwa dola 10 tena, na senti 50 zikakubaliwa. Na mwaka 2019 wenye safina walishitaki makampuni ya asiransi juu ya barabara iliyoharibiwa na mvua kubwa. Watu wa huko walicheka sana.

Makanisa hayako upande mmoja

Si kweli kwamba mtu lazima achague: Mungu au umri wa mawe. Kanisa Katoliki, ambalo lina shule nyingi katika majimbo yetu, halifundishi miaka 6,000. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Na yule aliyefikiri wa kwanza kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kidogo kimoja na kutanuka alikuwa padri, Georges Lemaître, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Waprotestanti wengi pia wanasoma Mwanzo bila kuhesabu saa 24. Wale wa dunia changa walipata nguvu hasa tangu mwaka 1961, Wamarekani wawili, Whitcomb na Morris, walipotoa kitabu juu ya gharika kuwa chanzo cha mawe na fosili.

Ishango na Katanda

Mahali ambapo mto Semliki unatoka ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Alikuta vyombo vya mfupa vya kuvulia samaki, na mfupa mmoja mdogo, urefu wa sentimita 10 hivi, wenye alama zilizochorwa kwa mafungu katika mistari mitatu. Mistari miwili inajumlisha 60 kila mmoja, wa tatu 48. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Kwanza de Heinzelin aliukadiria miaka 10,000 hivi. Baadaye wengine walirudi, wakapima tena, na umri ukapanda mpaka 20,000 na zaidi. Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa kubadilisha ile namba ya kwanza.

Kwenye Semliki hiyo hiyo, mahali panaitwa Katanda, walichimbua ncha za mfupa zenye meno, za kuchomea samaki, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Zinakadiriwa miaka kama 90,000, na watafiti wamebishana juu ya namba hiyo, kama kawaida yao. Hata anayebisha hapunguzi mpaka 6,000.

Kwenye hesabu ya Petersburg, wavuvi hao hawana nafasi. Wangepaswa kuishi baada ya gharika, ndani ya miaka 4,300, wakati Misri ilikuwa tayari na piramidi. Kwa hiyo mtoto wa Vitshumbi au wa Kyavinyonge akifundishwa kwamba dunia iko na miaka 6,000, anaambiwa pia, bila kusemwa wazi, kwamba wazee waliovua katika ziwa lake miaka 20,000 iliyopita hawakuwahi kuwako.

Mfupa wa Ishango wenyewe hauko kwetu. Uko Bruxelles, katika makumbusho ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili.